Fisi Amepona, Mjomba Anakohoa

Morogoro, 4 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Sostenes,

Shikamoo. Barua hii ikukute salama wewe na Mama Loveness, na yule beberu mweusi awe ameacha tabia ya kula sabuni. Mimi sijambo, ila mvua ya huku inashuka milimani kila jioni na nguo zangu zimeanza kunuka ukungu. Mama alinipigia juzi kutoka Nkome. Anasema dagaa ni wengi mwaka huu ila jua la kuwaanikia halipatikani, anamsalimu sana kaka yake, na anauliza kwa nini simu ya kaka yake haipatikani. Nimemwambia swali hilo hata mimi ninalo.

Sasa kazi yetu. Profesa alipoona picha za kwanza, zile za wiki tuliyofunga kamera pamoja wakati wa Krismasi, aliniita ofisini. Hakujua kwamba huko kwetu mtu anaweza kuwa na ngitili yake mwenyewe, pori la kutunzia malisho, akaifunga tangu mvua za kwanza ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi, na fisi wakahamia humo kama wapangaji. Ila wapangaji wako wanaumwa, mjomba. Wana ukurutu, ule upele unaokula manyoya. Tukisema tuwakamate ili tuwapime, tutawatia hofu na wengine watavunjika miguu mitegoni. Ndiyo kazi ya kamera: inakaa kimya kwenye mgunga wake, chochote chenye joto kikipita inakipiga picha, na mimi nikiwa huku nasoma kwenye picha nani kakonda, nani anachechemea, nani manyoya yake yanarudi.

Kwako ni jambo moja tu. Kila mwezi ubadilishe betri, utoe kadi uweke nyingine, uifunge vizuri na kuikabidhi kwa watu wa basi pale Kahama. Kadi peke yake inatosha, lakini nakujua, hutakubali kifurushi kisafiri bila neno. Basi na mimi nitajibu kila neno.

Mpwa wako uliyemlea,
Ritha

*

Segese, 3 Machi 2024

Mayu Ritha,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wote ni wazima wa afya, hofu yetu ni kwako wewe uliye peke yako kwenye baridi ya milimani. Loveness amejifungua salama kule Chato, mtoto wa kike, na wamempa jina la bibi yenu, Limi. Pamba imeota vizuri. Beberu hajaacha sabuni, ameongeza na kanga za Mama Loveness.

Simu yangu haina ugonjwa wowote, naizima mwenyewe. Mama yako akinishika kwenye simu haniachii, na akimaliza hata yeye hakumbuki alichosema. Barua mtu anaisoma akiwa amekaa, akiipenda anairudia. Kule machimboni Nyarugusu mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa kambi nzima. Nimewaandikia wanaume wenye ndevu barua za kuchumbia, na wengi walikubaliwa. Marehemu Davis, rafiki yangu tuliyeshuka naye duara moja, shimo moja la dhahabu, miaka yote, alikuwa akisema mwandiko wangu ungeweza kuoa peke yake.

Kijiji kinanicheka. Wanasema mzee Sostenes amewafungulia fisi studio ya picha za pasipoti. Wiliam, jirani yangu yule mrefu, alikuja kwa heshima zote kuuliza kama anaweza kupigwa moja akiwa amesimama na ng'ombe wake. Nimemwambia aje usiku atembee kwa miguu minne.

Yule jike mkubwa mwenye sikio lililochanika nimempa jina, anaitwa Mama Mkwe. Desturi unaijua: ukikutana na mkwe njiani unampisha, unaingia porini mpaka apite. Basi nami asubuhi nikikuta nyayo zake mbichi kwenye njia ya ngitili, nasogea pembeni na kuvua kofia. Mama Loveness amenuna, anasema namtukana mama yake. Nimemjibu kwamba mama yake hakuwa na meno mengi hivyo. Nimelala njaa siku ile.

Kadi hiyo hapo. Kula vizuri, vitabu havinenepeshi.

Ni mimi, mwandishi wa zamani wa kambi,
Mjomba Sostenes

*

Morogoro, 24 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na hongereni kwa mjukuu. Nimecheka kwa Mama Mkwe mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka akidhani nalia. Sasa maabara nzima wanamwita hivyo, na Profesa, ambaye ni mtu wa Kilimanjaro na desturi yetu haijui, ananiuliza kwa utani kama ni jina la kisayansi.

Hali yake si nzuri. Wanyama tunawapima kwa macho, kuanzia moja mpaka tano. Moja ni mifupa mitupu, tano ni kitambi. Mama Mkwe nimempa mbili. Shingo haina unyoya, mbavu zinahesabika, na kwenye picha nyingi anajikuna. Ila ruhusa ya dawa imetoka. Daktari wa mifugo wa wilaya atakuja kuificha ndani ya nyama na kuiweka karibu na kamera. Tafadhali usimcheke, kijana wa watu anaogopa fisi.

Kuna jingine. Kamera haichagui, mjomba. Na wewe una joto, kwa hiyo na wewe umo. Picha za mwanzo wa mwezi wa pili unapita umenyooka, kofia imekaa upande, nikafurahi. Za mwisho wa mwezi umekaa chini kwenye kichuguu, mkono kifuani. Picha inayofuata bado umekaa. Inayofuata pia, na kivuli cha mgunga kimehama kutoka mguu wako wa kulia kwenda wa kushoto. Kutoka nyumbani mpaka hapo ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, tulikuwa tukishindana mimi na Loveness.

Ulikuwa unapumzika tu? Niambie ukweli, sitamwambia mama.

Wako,
Ritha

*

Morogoro, 28 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Kadi ya mwezi huu haijafika, na watu wa basi wanasema hawana kifurushi chenye jina langu. Simu yako imezimwa. Mama Loveness nilimpata mara moja akasema, "Mjomba wako yupo, amelala." Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipokaa kwenu nikisoma shule ya msingi ulikuwa ukituamsha alfajiri kwa kugonga sufuria, na ukikuta mtu amejifunika tena unamwagia maji.

Niandikie, hata mistari miwili.

Ritha

*

Segese, 12 Mei 2024

Mayu,

Marahaba. Sisi ni wazima kabisa, hofu ni kwako. Samahani kwa kuchelewa, mvua ilikata barabara na gari za Kahama zilikuwa zinakwama. Pamba imefunga vitumba. Bei hatujui bado, kila mtu ana bei yake mdomoni. Limi mdogo ameletwa tumwone, ana kichwa kikubwa cha babu yake na sauti ya mama yako.

Yule kijana wa wilaya alikuja na nyama. Aliiweka kwa kuirusha kutoka mbali kisha akarudi kwenye pikipiki yake bila kuaga. Nyama ilikuwa nzuri, nilisikitika kidogo. Kesho yake haikuwepo, na nyayo zilikuwa za Mama Mkwe, nilizitambua. Amekula dawa kama mtoto mwenye adabu.

Umeuliza kuhusu kichuguu. Kichuguu hicho ni kikubwa na kiko vizuri.

Kadi hiyo hapo. Mama Loveness anakusalimu, anauliza kama huko kuna mchumba. Mimi sijauliza, ni yeye.

Mjomba wako asiyezeeka,
Sostenes

*

Morogoro, 26 Mei 2024

Mjomba Sostenes,

Shikamoo. Mwambie Mama Loveness mchumba yupo, anaitwa Mtihani, na hana mpango wa kutoa mahari.

Habari njema kwanza. Mama Mkwe anapona! Nimekuwekea picha mbili kwenye bahasha, moja ya mwezi wa pili na nyingine ya juzi. Tazama shingo, manyoya yameanza kuota, mafupi kama ya ndama. Hajikuni tena. Nimempa tatu, na Profesa alinipa mkono mbele ya darasa. Heshima hiyo ni yako pia.

Sasa habari nyingine. Kwenye kadi yote ya mwezi huu wewe haumo. Kuna mkono tu. Mkono unatokea nyuma ya mti, unapapasa, unafungua mlango wa betri, unatoweka. Nilipanua picha ile mpaka ikawa vinukta. Ni mkono wako, naujua ule ukucha uliokanyagwa na mwamba. Kwa hiyo ulizunguka kote nyuma, ukapita kwenye miiba ya mgunga, ili tu mimi nisikuone. Mtu mzima wa afya anajichomesha miiba kwa nini?

Na hiyo "wazima kabisa" usiniandikie tena, mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua, ukaniambia hilo ni neno la kufungulia mlango tu, kila mtu huliandika hata akiwa kitandani. Mimi kazi yangu ni kutazama viumbe ambavyo haviwezi kusema vinaumwa wapi. Naona shati lako lilivyokuwa likijaa mwezi wa kwanza, na niliona lilivyoning'inia pale kwenye kichuguu. Ungekuwa mnyama wangu ningekupa mbili, na ningeomba ruhusa ya dawa siku hiyohiyo.

Unakohoa? Unatokwa jasho usiku? Tangu lini? Nijibu hayo matatu, beberu na pamba vitasubiri.

Nakupenda, ndiyo maana nimekasirika.
Ritha

*

Segese, 23 Juni 2024

Kwa Daktari Ritha wa Fisi,

Marahaba mama. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, halafu nikasimama, halafu nikakaa tena kwa sababu ya kucheka. Eti nimepewa mbili! Mimi Sostenes niliyekuwa nikitangulia mbele kwenye ngoma, jembe nalirusha juu nalidakia nyuma ya mgongo, leo napimwa pamoja na fisi na fisi ananishinda!

Mkono ule ulitoka nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na siafu. Mambo mengine ya kawaida tu.

Ili kukuondolea hofu, safari hii nimepita mbele kabisa, mchana kweupe, na koti langu la kaki na kofia yangu ya pama. Tazama mwenyewe ninavyotembea. Halafu mtafute huyo anayekohoa.

Tumeanza kuvuna pamba. Mama Loveness ananisaidia sana. Mama Mkwe nimemwona kwa macho yangu jioni moja, ana watoto wawili nyuma yake. Amenona, mpaka nikamwonea wivu.

Mjomba wako mwenye nguvu zake,
Sostenes

*

Morogoro, 7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Na umpelekee Wiliam salamu zangu, umwambie koti la kaki limemkaa vizuri isipokuwa mikono, maana imemfika kwenye viwiko.

Tangu lini umerefuka, mjomba? Tangu lini una ndevu? Umemvika jirani yako koti na kofia, umempa na gambuti zako, akapita mbele ya kamera yangu akitupa mikono kama askari wa gwaride. Na hakutosheka. Alirudi, akasimama karibu na kioo, akanyoosha ndevu, akatabasamu. Picha hiyo nzima ni meno. Naona hatimaye amepata picha yake, ng'ombe tu ndiye aliyekosekana.

Nilicheka peke yangu maabara mpaka machozi, na yalipokuja machozi hayakukoma. Niligundua kwamba ulimwita mtu, ukamvalisha nguo zako, ukamfundisha kuwa wewe, kwa sababu wewe mwenyewe huwezi tena kutembea hatua zile. Mtu ambaye angeweza kufika pale asingehangaika hivyo.

Mama Mkwe nimempa nne. Yeye hakuwa na shida. Alikuta nyama, akala, akapona. Hakuuliza watu watasema nini.

Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikutaka kulimaliza neno hilo, nimeliandika na kalamu imeniwia nzito. Baba yangu sikumjua, nakujua wewe. Nikipata cheti hiki mwaka kesho, ni nani atakayesimama pale aniaibishe kwa kupiga vigelegele vya kiume? Nenda hospitali. Mimi nasomea udaktari wa wanyama, siwezi kusema kilichomo kifuani mwako kwa kutazama picha ya kichakani. Wapo wanaoweza. Ni makohozi kidogo kwenye kikopo na picha ya kifua, basi.

Kama hutaki, niambie kwa nini hutaki. Usiniambie siafu.

Ritha

*

Segese, 11 Agosti 2024

Ritha mwanangu,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Mama Loveness aliikuta chini ya mto, akaisoma, akairudisha palepale. Tangu siku hiyo ananipikia uji wa ulezi asubuhi na kuniangalia mpaka ninywe wote.

Ndiyo. Nakohoa, na usiku natokwa jasho. Tangu kabla ya Krismasi. Siku tuliyofunga kamera nilikuwa nakwenda nyuma ya kichaka kukohoa, nikirudi nakwambia nilikuwa naangalia nyayo.

Umeuliza kwa nini. Mimi na Davis tulichimba miaka mingi jiwe kavu. Kule chini hakuna upepo. Ukipiga nyundo vumbi linabaki palepale, unalivuta, na tukipanda juu tulikuwa weupe kama tumetoka kinuni, tunachekana kila mmoja akimwita mwenzake babu. Tukimaliza duarani tunakwenda kusaga mawe kwenye mashine ya karasha, vumbi ni lilelile. Davis alianza kukohoa kabla yangu. Machimboni wanasema mapafu yakishaingia jiwe hakuna dawa, kwa hiyo ukienda hospitali unakwenda kusomewa tu hukumu. Davis naye alisema hivyo na akakaa. Tulipomchukua alikuwa hawezi kusimama, tulimlaza kwenye godoro nyuma ya gari ya mizigo na mimi nikamshika kichwa njia nzima. Aliingia hospitali akiwa hai na sikumwona tena hivyo. Ameacha mjane na mtoto, Mwigulu, ambaye leo ni mtu mzima.

Basi mimi siogopi sindano, mayu. Naogopa mtu mwenye koti jeupe aniambie ni jiwe. Nisipoambiwa, asubuhi naamka nikidhani labda ni mafua. Nikiambiwa, nitaamkaje? Nilitaka unijue kama mwenye nguvu, yule wa sufuria. Ndiyo maana ya koti na kofia na upuuzi wote ule. Wiliam alikataa mara mbili, nilimbembeleza.

Kadi hiyo hapo. Safari hii nilikwenda mwenyewe. Nilitoka nyumbani jua likichomoza na nilifika likiwa limeshapanda, lakini nilifika.

Usiitazame mbele ya wenzako.

Mjomba wako

*

Morogoro, 18 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeitazama peke yangu, nimefunga mlango.

Nimekuona ukifika, ukishika mti, ukingoja pumzi. Nimekuona ukivua koti na kulitundika kwenye mwiba. Halafu ukavua shati. Ukasimama mbele ya kamera, kifua wazi, mikono umeiachia. Kisha ukageuka ubavu. Kisha ukageuka mgongo, ukakaa hivyo muda mrefu ili nipate kuona vizuri, kama ambavyo hakuna mnyama hata mmoja amewahi kunisaidia. Picha tatu umeinama unakohoa, na najua ulijua kwamba kamera bado inapiga. Baadaye ukanyooka tena ukaitazama.

Sikukupa namba. Nilishindwa kuandika chochote, nililia tu kwa sauti, na mlinzi wa jengo akagonga kuuliza kama kuna mtu amepigiwa simu ya msiba. Nimemwambia hapana, nimeletewa barua na mjomba wangu.

Ahsante. Wabeja sana, mjomba. Najua ilikugharimu.

Nimeomba ruhusa kwa Profesa. Nilimwambia naenda kumchukua mgonjwa, hakuuliza ni wa miguu mingapi. Kesho asubuhi napanda basi, na barua hii nitakukabidhi mwenyewe mkononi, maana umenizoesha kutokuja na kifurushi bila neno, na hili ndilo neno: tunakwenda wote. Chumba cha daktari tunaingia wote. Akisema ni jiwe, atatuambia wawili, na utakapoamka asubuhi inayofuata nitakuwa nimelala kwenye kile kitanda cha Loveness, nawe utanigongea sufuria. Na akisema ni kingine tutakitibu.

Mwambie Mama Loveness asichinje kuku kabla hatujarudi kutoka hospitali.

Ni mimi,
Ritha

*

Segese, 29 Septemba 2024

Mayu Ritha,

Marahaba. Najua siku ile uliponipigia kuulizia majibu hukusikia neno, nilikuwa nacheka na kukohoa kwa pamoja na Mama Loveness akaninyang'anya simu akaishia kulia yeye. Ukaambiwa "kifua kikuu" ukabaki hujui ucheke au ulie. Basi ngoja nikuandikie vizuri, ukae usome.

Siku ile tulipokwenda wote nilipimwa tu na majibu yakachelewa; ulipoondoka kurudi kwenye mitihani yako ndipo nikaitwa hospitali Kahama, nikaenda na Mama Loveness. Daktari ni msichana, labda anakuzidi miaka michache. Akaweka ile picha ya kifua kwenye mwanga, nikafumba macho. Akasema, "Mzee, una kifua kikuu." Nikasema, na jiwe? Akasema kuna makovu ya vumbi, hayo hayatatoka na ukipanda mlima utayasikia, lakini kinachokukondesha na kukutoa jasho ni kifua kikuu, na hicho kina dawa, vidonge vya miezi sita usiruke hata siku moja. Nikacheka, Ritha. Nilicheka mpaka nikashika meza yake. Akamtazama Mama Loveness akauliza, "Mzee huwa anapatwa na hali hii?" Hajawahi kuona mtu anaambiwa ana TB akashangilia kama ameambiwa amepata mtoto.

Akaniambia, "Umewahi." Nikauliza, nimewahi nini? Akasema, "Umewahi kuja."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Nikamuuliza, na mtu wa machimboni anayeletwa kwenye godoro? Akasema hao ndio wanaotuumiza, mzee, wengi wao wana ugonjwa huuhuu tu, ila wamechelewa. Hakumjua Davis, alijibu kwa jumla. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikamlilia Davis upya, mbele za watu, nikiwa na pakiti ya vidonge mkononi. Mama Loveness alinishika mkono hapo barazani, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane, na hakuuachia mpaka gari ikaja.

Sasa wiki zimepita. Mama Loveness amepimwa, hana kitu, nawe umesema huna. Naona ladha ya chakula imerudi. Usiku nalala na nguo kavu. Mama Mkwe ameanza kuingia mpaka kwenye zizi la Wiliam na Wiliam anasema nimlipe, maana mimi na wewe ndio tuliomnenepesha.

Daktari amesema siambukizi tena na naweza kusafiri. Kesho nakwenda Nyarugusu. Mwigulu wa Davis yuko kwenye duara lilelile la baba yake, na nasikia naye ameanza kukohoa. Nilimtumia ujumbe kwa watu, akajibu kwamba ni mzima. Yeye ni mbishi na ananiona mzee wa kelele. Barua hazisomi. Nimefikiria kila njia ya kumwambia na sijapata maneno.

Labda nikifika nitavua shati.

Mjomba wako,
Sostenes